Meno yanauma baridi, binti anataka kuyang'arisha kabla ya sendofu

Simu iliingia Jumanne mchana nikiwa nakula. Alikuwa mama mmoja wa Mbagala, msomaji wa ukurasa huu. Baada ya shikamoo na marahaba, alikwenda moja kwa moja kwenye jambo lake.

"Mwanangu, nina binti wa miaka 23. Sendofu yake ni baada ya wiki kumi. Kila asubuhi na jioni anasugua meno na unga wa mkaa, anataka yawe meupe kwenye picha. Sasa hata maji ya mtungini yanamuuma. Jana kaiweka soda juani iishe baridi ndiyo anywe."

Kumbe haikuwa mkaa peke yake. Wiki nzima ya mwanzo alikuwa akichanganya na maji ya ndimu, kama alivyoona kwenye video. Na mdogo wake wa kiume, mwenye miaka 12, naye ameanza kuchovya mswaki kwenye kopo hilohilo kwa sababu dada anafanya.

Swali la mama lilikuwa hili: kuna dawa ya kung'arisha meno inauzwa mtandaoni, ya kupaka. Je, ajibane amnunulie binti, ili aachane na mkaa?

Nilimwomba asinunue kwanza. Si kwamba mwenye meno ya ganzi hawezi kabisa kuyang'arisha. Anaweza, na wapo wengi waliofanya hivyo salama. Ila kuna utaratibu wake. Unaanza na maumivu, unafuata usafi, weupe unakuja mwisho. Ukianza na weupe, unaweza kuongeza maumivu na weupe wenyewe usiupate.

Kwa nini jino linashtuka

Sehemu ya jino tunayoiona imefunikwa na gamba linaloitwa enameli. Ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kinazidi hata mfupa. Lakini lina udhaifu mmoja: likishalika, halioti tena. Mfupa ukivunjika huunga. Gamba la jino likiondoka, limeondoka.

Chini ya gamba kuna tabaka laini zaidi linaloitwa dentini. Tabaka hili limejaa vijitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vyenye majimaji ndani yake, ambavyo vinaelekea kwenye kiini cha jino uliko mshipa wa fahamu. Gamba likiwa zima, vijitundu hivi vimefunikwa na baridi haivifikii. Gamba likilika, au fizi ikishuka na kuacha mzizi wazi, maji baridi yakigusa hapo yale majimaji husogea ghafla na mshipa wa fahamu unashtuka. Hiyo ndiyo ganzi ya meno, dada yake na ile tunayoipata tukila embe mbichi kwa chumvi na pilipili.

Sababu zake ni nyingi. Kuna anayesugua meno kwa nguvu kama anasugua sufuria. Kuna anayetumia mswaki mgumu, anayekunywa soda au juisi ya ukwaju kutwa nzima, na anayesaga meno usingizini. Kuna mwenye ugonjwa wa fizi. Na kuna ambaye jino limetoboka au lina ufa, yeye akidhani ni ganzi ya kawaida.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hatulijui. Dentini kwa asili yake ina rangi ya njano. Gamba la juu linapitisha mwanga, hivyo rangi tunayoiona kwenye jino inatokana kwa sehemu kubwa na dentini iliyo chini. Gamba likizidi kuwa jembamba, njano inazidi kuonekana. Maana yake ni kwamba anayelisugua jino lake kwa mkaa na ndimu ili liwe jeupe anaweza kuliona jeupe kwa siku chache, kwa kuwa madoa ya juu yametoka. Akiendelea analipunguza gamba, na jino linakuwa njano kuliko alivyoanza. Na maumivu juu.

Mkaa, ndimu na vingine vya jikoni

Tuseme ukweli kuhusu kila kimoja.

Mkaa unasugua. Chembe zake hazilingani, nyingine kali kuliko nyingine, na unaposaga nyumbani huwezi kujua. Unaweza kuondoa doa la chai lililoko juu, lakini hauna uwezo wa kubadili rangi iliyo ndani ya jino. Mwaka 2017 jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti kuhusu mkaa wa meno, na waandishi hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba unang'arisha au kwamba ni salama. Vumbi lake pia hujikusanya pembezoni mwa fizi na kwenye kingo za meno yaliyozibwa, na kuacha mstari mweusi.

Ndimu ni mbaya zaidi. Gamba la jino huanza kuyeyuka pale kipimo cha uchachu kinaposhuka chini ya takriban 5.5. Maji ya ndimu yako karibu na 2. Ukilipaka jino ndimu gamba linalainika, kisha ukalisugua hapohapo, unalikwangua likiwa laini.

Bekingi soda, ile tunayoiweka kwenye maandazi, yenyewe si kali sana, na baadhi ya dawa za meno za dukani zinayo. Shida ni pale watu wanapoichanganya na ndimu na kusugua kwa nguvu wiki hadi wiki, huku wameacha kabisa dawa ya meno yenye floraidi inayolinda gamba.

Vipi ile haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ya kusafishia vidonda? Hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kung'arisha meno. Ukiikaa nayo mdomoni inaweza kuunguza fizi na ulimi. Iache kwenye kazi yake.

Doa lako ni la aina gani?

Kabla ya kutumia hata shilingi, ni lazima mjue mnapambana na kitu gani. Meno hubadilika rangi kwa njia mbili.

Kuna rangi ya nje. Hii inatokana na chai ya rangi, kahawa, sigara, tambuu, na ukoga uliogeuka kuwa ugaga, yaani ule utando mgumu wa njano au kahawia unaoganda karibu na fizi. Ugaga hautoki kwa mswaki wala mkaa. Unaondolewa na mtaalamu wa meno kwa vifaa vyake. Kuna watu wengi ambao wakisafishwa ugaga tu wanagundua kwamba meno yao hayahitaji kung'arishwa kabisa.

Kisha kuna rangi ya ndani. Jino lililopigwa utotoni, labda mtoto alianguka, linaweza kufa kiini na kuwa la kijivu peke yake wakati mengine ni meupe. Hilo linahitaji matibabu ya daktari, halihitaji kupakwa chochote. Dawa za jamii ya tetrasaiklini zikitumiwa na mama mjamzito au mtoto aliye chini ya miaka minane, nazo huweza kuacha rangi ya kudumu kwenye meno yanayotengenezwa.

Na kuna rangi ya kahawia ambayo wasomaji wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida wanaijua vizuri. Hii ni kazi ya floraidi nyingi kwenye maji. Maeneo ya Bonde la Ufa na kuzunguka Mlima Meru, maji hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini hayo. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya vyanzo huko vinazidi kiwango hicho kwa mbali. Magadi ya kupikia makande na maharage nayo huongeza.

Floraidi huharibu gamba wakati jino bado linatengenezwa ndani ya fizi, katika miaka minane hivi ya kwanza ya mtoto. Kwa hiyo kijana mwenye meno ya kahawia si mchafu, na hakuna kiasi cha kusugua kitakachoyasafisha. Naliandika hili kwa makusudi, maana watoto wa huko wakija shule za bweni mikoa mingine hutaniwa hadi wanaziba mdomo wakicheka, na wengine huishia kwenye mchanga na majivu.

Mzazi uliye na mtoto mdogo maeneo hayo, kumbuka kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kinachosaidia ni maji ya mvua, chanzo chenye kiwango cha chini, au chujio maalumu kama zile zinazotumia mifupa iliyochomwa, teknolojia ambayo kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Kwa aliyekwisha kuota meno ya kahawia, daktari wa meno anazo njia, kuanzia kuondoa tabaka jembamba sana la juu hadi kuyafunika meno ya mbele.

Dawa ya kung'arisha inafanyaje kazi

Dawa za kweli za kung'arisha zina haidrojeni peroksaidi au ndugu yake, kabamaidi peroksaidi. Hizi hazikwangui. Zinapenya gamba, zinaingia kwenye dentini na kuvunjavunja chembe zinazoleta rangi. Kwa kuwa zinapenya, zinakifikia hata kiini cha jino, na ndiyo maana hata mtu mwenye meno mazima anaweza kupata ganzi kwa siku kadhaa. Mara nyingi huisha mwenyewe baada ya kuacha dawa.

Sasa fikiria mtu ambaye gamba limeshalika, fizi imeshuka au jino lina tundu. Kwake dawa inapita kwa urahisi zaidi. Maumivu yanakuwa makali, na tundu ambalo lingezibwa kwa gharama ndogo linaweza kugeuka kuwa tatizo la kiini cha jino.

Nguvu ya dawa nayo ina maana kubwa. Dawa ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, inayotumika sana kwa matibabu ya nyumbani chini ya uangalizi wa daktari, ni sawa na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3.5 hivi. Zile za kliniki zinazomaliza kazi kwa saa moja zinaweza kufika asilimia 35 au zaidi. Zina haraka, lakini zinauma zaidi. Mwenye ganzi anafaa kwenda na ile dhaifu, polepole.

Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2011, zilizuia bidhaa zenye peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1 kuuzwa moja kwa moja kwa wananchi. Kuanzia hapo hadi asilimia 6 zinauzwa kwa madaktari wa meno tu, matumizi ya kwanza yanasimamiwa, na haziruhusiwi kwa mtu aliye chini ya miaka 18. Ukipata kichupa mtandaoni kisichoandikwa kina nini wala asilimia ngapi, jiulize unachonunua ni nini.

Utaratibu kwa mwenye ganzi

Kwa yule mama tulipanga hivi, na wewe unaweza kuufuata.

Kwanza, mkaa na ndimu vinaachwa leo. Anarudi kwenye mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, asubuhi na usiku. Akimaliza anatema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Akinywa soda au juisi chachu asubiri walau nusu saa ndipo apige mswaki.

Pili, anakwenda kitengo cha kinywa na meno kwenye hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa kuchunguzwa. Aseme wazi mambo mawili: meno yananiuma baridi, na nataka kuyang'arisha. Matundu yazibwe, ugaga uondolewe, fizi zitibiwe. Aulize bei ya kila huduma kabla haijafanyika.

Tatu, anatumia dawa ya meno ya kupunguza ganzi. Kwenye boksi huwa imeandikwa "sensitive", na nyingi zina potasiamu naitreti inayotuliza mshipa wa fahamu. Haifanyi kazi kwa siku moja. Mpe wiki mbili hadi nne za kutumia mara mbili kila siku. Wakati huo asichukue dawa ya meno iliyoandikwa ya kung'arisha, kwa sababu nyingi kati ya hizo hufanya kazi kwa kukwangua.

Nne, ganzi ikiisha na daktari akiridhika, ndipo kung'arisha kunafuata. Daktari huchukua vipimo vya meno na kutengeneza kifuniko cha plastiki kinachokaa sawasawa, ili dawa isimwagikie fizi. Mwenye ganzi anaweza kuambiwa aivae kwa muda mfupi, au siku moja avae na siku inayofuata apumzike. Meno yakianza kuuma anasimama siku chache. Kusimama hakuharibu kazi, kunachelewesha tu.

Na ajue mapema kwamba jino lililozibwa kwa dawa nyeupe au lililovalishwa kofia halibadiliki rangi. Kama lipo mbele, linaweza kubaki tofauti na wenzake. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri.

Na yule wa miaka 12?

Huyu anaacha kopo la mkaa, na hapewi dawa yoyote ya kung'arisha. Meno yake ya ukubwani bado machanga, kiini chake ni kikubwa na kipo karibu na nje kuliko cha mtu mzima.

Hapa niwatoe hofu wazazi wenye watoto wa darasa la kwanza na la pili. Wengi hushtuka meno mapya ya mbele yakiota yana njano kuliko ya utoto yaliyobaki pembeni. Mtoto hajaacha kupiga mswaki. Meno ya ukubwani ndivyo yalivyo, dentini yake inaonekana zaidi, na meno ya utoto ni meupe sana kwa asili. Yale meupe yakishang'oka, tofauti haionekani tena. Kazi yako ni kumsimamia apige mswaki mara mbili kwa siku, na dawa ya meno isizidi ukubwa wa punje ya njegere. Aliye chini ya miaka mitatu, kama punje ya mchele inatosha.

Usisubiri kwenye hali hizi

Ganzi ya kawaida inakuja baridi inapogusa na inaondoka haraka. Nenda hospitali mapema kama maumivu yanaendelea dakika kadhaa baada ya kumeza, yanakuamsha usiku, yanaletwa na vitu vya moto, yanakuja unapotafuna, au shavu na fizi vimevimba. Hapo tatizo limeingia ndani, na dawa ya meno ya ganzi haitalimaliza.

Wiki hii yule mama alinipigia tena. Binti amechunguzwa. Amekutwa na tundu kati ya meno mawili ya mbele ambalo hakuna aliyekuwa analiona, na fizi zimeshuka zaidi upande wa kushoto, unaosuguliwa kwa nguvu na mkono wake wa kulia. Kama ile dawa ya mtandaoni ingepakwa, ingekuwa inaingia kwenye tundu hilo kila usiku. Limezibwa, ugaga umeondolewa, na ameambiwa arudi baada ya wiki tatu ndipo waamue kuhusu kung'arisha.

"Akijiangalia kwenye kioo anasema mbona yamekuwa meupe kiasi," mama aliniambia. "Huenda hata hiyo dawa tusiihitaji. Ila soda bado anaogopa."

Nikamwambia ampe muda, na yule mdogo wake amnunulie mswaki mpya, ule wa mkaa autupe.

Wiki ijayo tutazungumzia mtoto anayesaga meno usingizini: lini ni kawaida, na lini ni la kushughulikia.